Wa Kwanza Kusema

Nyuma ya duka la vyuma la Khisa, Bondeni,
Ijumaa, mlango wa mabati ukishashushwa,
tunacheza kwa nati.
Nati ya kumi ni shilingi ishirini,
ya kumi na saba ni mia,
na bolti ya trekta haijawahi kutoka mfukoni mwa mtu
ila mara moja. Nitafika huko.

Usiku ule karata alizichanga Odongo,
karani wa kiwanda cha maziwa,
nami nikakaa kushoto kwake,
pale ambapo mtu husema kabla hajasikia.
Kiti kibaya. Hata taa hukipa kisogo.

Nikainua pembe za karata zangu:
mfalme wa shupaza. Mfalme wa uru.
Nikazifunika upesi,
kama mtu afunikavyo sufuria jirani akipiga hodi.
Wanne tukaingia, nati ndogo mbilimbili.
Mezani zikalazwa tatu:
mfalme wa kopa,
tisa ya kopa,
saba ya pau.

Wakanitazama.

Mama yangu aliuza makaa kando ya barabara, Molo.
Alikuwa akisema, mwenye mzigo mzuri hatangulii kutaja bei;
mwache mnunuzi ashuke, alipige gunia teke, ajisaliti.
Basi nikagonga meza mara mbili: napita.
Kwa sauti ya mtu asiye na kitu,
niliyoifanyia mazoezi nikinyoa ndevu.

Chelagat wa mbolea akapita.
Njuki akapita, katikati ya mwayo.
Odongo akapita.
Nilikuwa nimetega mtego mahali ambapo hakuna njia,
na karata ya nne ikatujia bure:
nne ya kopa.

Hapo ndipo nikaamka. Nikasukuma kubwa tano.
Chelagat akanitazama kama anayesoma mizani, akafuata.
Ya tano, mbili ya uru, haikumsaidia mtu.
Nami, kwa hasira ya aliyejificha mpaka akasahaulika,
nikaitoa bolti.
Akafuata kabla haijatulia mezani.

Kopa tano. Zote zake.

"Wafalme watatu," akasema, akikusanya vyuma kwa kiganja,
"nawe ukawakataza kuongea?
Ungedai kubwa tatu pale mwanzo ningetupa, niende zangu msalani.
Nilikuwa na kopa mbili na tamaa."

Nilirudi Kaptembwa kwa miguu,
vumbi la Menengai likisagika menoni,
nikakumbuka lile ambalo mama hakulisema
lakini nililibeba mgongoni:
magunia yaliyolowa,
tukirudi nayo jioni, yeye kimya,
lori la mnunuzi limeshapanda Mau Summit.

Ijumaa iliyofuata nikasema kwanza.
Wote wakakimbia. Nikavuna nati sita, mbili zina kutu.
Iliyofuata, vilevile.
Ikanibidi nijifunze kusema kwanza hata nikiwa mtupu,
bei ileile, mkono uleule,
ili neno langu lisiwe na harufu moja.
Nililipia masomo hayo. Khisa anayo hesabu.

Na juzi tena, kiti kilekile.
Malkia wawili mkononi, wa tatu mezani,
kopa mbili zimekaa pembeni yake zikisubiri dada yao.
Sikugonga meza.
Nilihesabu chungu kwa macho, nikasukuma theluthi mbili,
kama mtu anayeuza makaa na wingu limeshafunga.

Chelagat akatupa, akatabasamu kidogo.
Njuki akatupa.
Odongo akakuna sikio,
akahesabu nati zake mojamoja,
akaweka mara tatu ya zangu.

Uso wangu ulikaa kimya.
Ila chini ya meza goti lilikuwa linaenda kama cherehani,
kopo la misumari likiitikia,
na mpaka sasa sijui
kama alisikia.